Sura ya Tisa: Koti la Mnara

Jumatano asubuhi Kanali alilisukuma jalada juu ya meza kwa kidole kimoja, namna mtu anavyorudisha sahani ya chakula asichokitamani.

"Bado mhuri wako tu," alisema. "Gwaride ni Jumamosi. Ijumaa kabla ya chakula cha mchana nalitaka hapa."

Sajini aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mpelelezi wa Ofisi ya Nishani kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kambi nzima ilimwita Mama Mhuri, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Maofisa wenye haraka ya kuvishwa nishani walijua kwamba serikalini kila kitu husogea ukikisukuma, isipokuwa mkono wake.

Alilifungua jalada palepale, akaanzia nyuma. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Mbele watu huweka sifa, nyuma huficha matatizo.

"Afande, huku kuna pingamizi."

"Barua ya yule mama. Anaandika kila mwaka, usimjali."

"Pingamizi hujibiwa kabla ya mhuri. Ni kanuni, na umeisaini wewe."

Kanali alitazama dirisha kana kwamba msaada ungetokea huko. "Basi mjibu. Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Alilisoma lote akiwa mezani kwake, chai ikipoa. Mtu wa kutunukiwa alikuwa Meja mstaafu, ambaye enzi za vita alikuwa luteni tu. Kwa urefu wake wenzake walimpachika jina la Mnara, na likamganda. Hati ya sifa ilisema kwamba miaka ishirini na minane iliyopita, katika wiki ya tatu ya vita, adui alishambulia kilima kilicho juu ya daraja, alfajiri, ukungu ukiwa umetanda. Zamu ya kilimani ilikuwa ya Luteni Mnara na askari kumi. Askari wa msaada kutoka kikosi kingine walipofika, walimkuta luteni amebaki peke yake kwenye bunduki ya rashasha. Aliwazuia adui mpaka wale wageni wakajipanga. Kisha aliteremka mara nne chini ya risasi kuwavuta majeruhi, na wa mwisho akamfunika kwa koti lake mwenyewe. Baada ya hapo mizinga ikaangukia kilima, na waliofia huko wakazikwa pamoja bila kutambuliwa. Siku tatu baadaye Mnara alizinduka katika hospitali ya nyuma ya mstari wa mbele, hakumbuki kitu.

Nani alimfikisha hospitali, hati haikusema. Mama Mhuri alipiga mstari wa penseli pale palipokosekana jina.

Kisha akasoma pingamizi. Lilikuwa la ukurasa mmoja, limechapwa vizuri. Mwandishi alikuwa dada wa luteni mwingine wa kikosi cha Mnara, mfupi kiasi kwamba wenzake walimwita Nukta. Kumbukumbu za jeshi zilisema Nukta alilazwa kwa malaria asubuhi ileile ya mapambano, akatoroka wodini, asionekane tena. Mbele ya jina lake paliandikwa neno moja: mtoro. Dada mtu hakuomba nishani. Alichoomba ni kuelezwa kaka yake alikuwa wapi asubuhi ile.

Duka la dada huyo lilikuwa mkabala na mahakama, chumba kimoja chenye mashine mbili za kutoa nakala, rafu ya bahasha na benchi la wateja. Mwenyewe alikuwa amepita sitini, miwani imening'inia kwa kamba. Mama Mhuri alimwamkia kwa heshima, akasubiri wakili mmoja amalize nakala zake.

"Umetumwa na wale wa nishani," dada mtu alisema wakili alipotoka. "Karibu, mdogo wangu. Wewe ni wa kwanza kuja kwa miguu. Wengine hunijibu kwa barua, na barua zenyewe ni nakala. Mimi nakala nazijua."

"Kwa nini kila mwaka, dada?"

"Mashine ni yangu, karatasi ni yangu. Ningekuwa nauza vitunguu labda ningeshachoka." Alitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. "Baba aliiondoa picha yake ukutani siku ile barua ya jeshi ilipofika. Mpaka anakufa hakumtaja tena. Mama yupo, ana miaka themanini na sita, na kila nikimpelekea chai ananiuliza kama wameandika. Sitaki nishani. Nataka lile neno lifutwe mama akiwa hai."

"Kuna mtu yeyote aliyemwona kaka yako baada ya kulazwa?"

"Niliwahi kwenda kumuuliza huyo Mnara wenu. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, hema moja, sabuni moja. Alinisikiliza mlangoni. Akaniambia, kaka yako alituacha tukifa. Akafunga mlango."

Alivuta droo, akatoa picha ambayo sasa iliishi huko. Kijana wa miaka kumi na minne hivi, amesimama wima kama yuko mbele ya daktari, ndani ya shati linaloweza kuingiza watu wawili. Mikono ya shati ilikuwa imekunjwa mara mbili, na ncha ya kila mkunjo imechomekwa kwa ndani.

"Nguo zote alirithi kwa kaka yetu mkubwa, na kaka yetu alikuwa jitu," alisema. "Anakunja mara mbili, halafu anachomeka ncha ili isifunguke akicheza mpira. Mtindo wake mwenyewe. Mama alikuwa anamwambia atazeeka hajawahi kuona vifundo vya mikono yake."

Mama Mhuri aliomba nakala ya picha. Dada mtu alitoa mbili, moja akairudisha kwenye droo pamoja na ile ya asili. Mazoea ya kazi.

Mchana alikwenda chumba cha kumbukumbu cha kikosi, kwa sababu hati ya sifa ilitaja koti na yeye hakuwahi kugonga mhuri juu ya kitu asichokiona. Mtunzaji, mzee mwenye funguo nyingi kuliko milango, alimpeleka mpaka kwenye kabati la kioo. Koti la kijeshi lilikuwa limelazwa juu ya kitambaa cheupe. Kifuani lilikuwa na kitambaa kilichoshonwa jina la ukoo la Meja, herufi nyeusi, zinasomeka vizuri hata leo. Begani na mgongoni lilikuwa na damu iliyogeuka kahawia.

Mikono yake ilikuwa imekunjwa mara mbili.

"Nani alilikunja?" aliuliza.

"Lilikuja hivyo hivyo na majeruhi aliyefunikwa nalo. Hatukugusa. Kitu cha kumbukumbu hakinyooshwi."

"Nifungulie."

Mtunzaji aliguna, akafungua. Mama Mhuri alivaa glovu, akainamia mkono wa kushoto wa koti. Ncha ya mkunjo ilikuwa imechomekwa kwa ndani. Aliichomoa taratibu, akafunua. Upande wa nje ulikuwa na tope, mafuta ya bunduki na damu. Ndani ya mkunjo, kitambaa kilikuwa cha kijani safi kama siku kilipotoka kiwandani, na tope lilikuwa limeishia palepale kwenye mstari wa kukunjia. Alipima kwa utepe. Mkunjo ulikula zaidi ya nusu shibiri. Aliurudisha kama alivyoukuta.

Koti lilikuwa limekunjwa kabla ya mapambano. Aliyelivaa kilimani alilivaa likimzidi. Faili la afya la Meja lilikuwa kwenye mkoba wake, na lilisema futi sita na inchi tatu.

"Meja amewahi kulivaa tena?" aliuliza.

"Ah, hawezi. Kila mwaka anakuja, anasimama hapo, anaangalia, anaondoka. Hajawahi kuniomba hata funguo."

Jibu la kwanza lililomjia lilikuwa baya, na ni haki kusema kwamba alilipenda. Aliona mtu aliyeiba sifa za marehemu, akala heshima kwa miaka ishirini na minane, halafu akamfungia mlango dada wa yule aliyemwibia. Alikuwa ameshaanza kumchukia Meja tangu pale dukani, na sasa chuki ilikuwa imepata ushahidi. Kwa hiyo alijilazimisha kwenda polepole.

Shahidi mkuu wa hati ya sifa, yule majeruhi aliyefunikwa koti, siku hizi alikuwa mlinzi wa ghala la mbao. Alimkuta getini, mguu mmoja ameunyoosha kwenye kiti cha pili, redio ndogo ikizungumza peke yake.

"Nilishaandika yote," mlinzi alisema. "Mara tatu. Kamati zote tatu."

"Nimeyasoma. Nataka kitu ambacho hawakukuuliza. Afisa yule alikuwa mrefu au mfupi?"

Mlinzi alifikiri. "Nilikuwa nimelala chali na goti limefumuka, afande. Ukiwa umelala chini, kila mtu ni mrefu."

"Ulimjua kabla ya siku ile?"

"Ningemjulia wapi? Sisi tulikuwa kikosi kingine, tumeshushwa kwenye lori gizani. Hatukumjua hata mpishi wao."

"Sasa ulijuaje kuwa ni yeye?"

"Aliinama kunifunga goti, jina likawa hapa." Aliweka kiganja mbele ya pua yake. "Nikalisoma herufi kwa herufi, nikasema nikipona nitamtaja mtu huyu. Na koti lenyewe si nililetwa nalo?"

"Baada ya vita ulipokutana na Meja, ulimtambua?"

Mlinzi alipunguza sauti ya redio, ingawa haikuwa kubwa.

"Nilimshukuru," alisema. "Alikuwa amekaa kwenye meza ya wakubwa. Nilimshika mkono, nikalia, na yeye akalia. Sura... mama, ilikuwa ukungu, na miaka sita imepita. Watu wananiambia ndiye huyu. Ningeanza kuuliza maswali?"

"Wengine waliomwona kilimani?"

"Tuko wanne hai. Tunakutana kila mwaka, tunasimuliana. Sasa hivi hata mimi sijui kipi niliona na kipi nilisikia kwao."

Alisema hivyo bila aibu, na Mama Mhuri alimshukuru kwa dhati. Mashahidi wa namna hiyo ni wachache. Aliporudi kwenye gari aliandika sentensi moja tu kwenye daftari: walimtambua kwa jina la kifuani.

Sasa alihitaji mtu aliyewajua maluteni wote wawili na ambaye hakuwahi kuhudhuria mikutano ile. Orodha ya kikosi ilikuwa na majina mengi yenye msalaba pembeni. Mwishoni kabisa, chini ya madereva, kulikuwa na mpishi. Hakuna kamati hata moja iliyokuwa imemhoji.

Alhamisi saa tatu alimkuta jikoni kwenye shule ya bweni, ameshika mwiko unaofaa kuwa kasia. Sufuria tatu za uji zilikuwa zimeshaoshwa na ya nne inalowekwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni mkaguzi wa afya, panya alikuwa mmoja na ameshahama."

Alipoeleza kilichomleta, mpishi aliweka mwiko chini, akafuta mikono, akakaa juu ya gunia. Alikuwa na kumbukumbu ya watu wa jikoni. Siku hakuzijua kwa tarehe, alizijua kwa kilichopikwa na nani hakula.

"Asubuhi ya kilima," Mama Mhuri alisema. "Anza usiku wake."

"Mvua. Kuni zimelowa, nikawasha kwa mafuta ya taa. Mnara alikuwa zamu ya kilimani, akashushwa anatetemeka kama mashine ya kusaga. Malaria ile ya kupanda kichwani. Anaongea na mama yake, na mama yake hayupo. Nukta ndiye aliyembeba. Ungecheka, mtu mfupi kumbeba mrefu, miguu inaburuza chini. Hema lao lilikuwa limeingia maji, jikoni ndiko kulikuwa na moto. Tukamlaza hapo, mgongo kwenye jiko."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Koti lake, limelowa chapachapa. Nukta akamvua, akavua na lake kavu, akamvika. Halikufunga vifungo. Mikono imeishia hapa." Alijigusa karibu na kiwiko. "Nikamwambia, unamvika mtu mzima koti la mtoto. Akasema, liwe la mtoto liwe la bibi, likiwa kavu ni koti."

"Na yeye?"

"Alilining'iniza la Mnara juu ya moto, likatoa moshi kidogo, akalivaa. Akakunja mikono, ana namna yake ya kukunja. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema zamu ya mwenzangu haina mtu." Mpishi alijifuta tena mikono. "Nilimwekea uji kwenye bakuli lenye kifuniko. Yeye akipanda zamu namwekea, akishuka anaukuta. Hakushuka. Kulipopambazuka lori la wagonjwa likamchukua Mnara hajitambui. Tukahama jioni ileile. Bakuli nilihama nalo lina uji."

Mama Mhuri alisubiri mpaka mzee alipomaliza kutazama sakafu.

"Mzee, Mnara anavishwa nishani Jumamosi kwa mambo ya asubuhi ile."

"Asubuhi ile? Hapana. Nilisikia ana sifa za kilima, nikajua ni siku nyingine. Vita vilikuwa na asubuhi nyingi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Waliwahoji waliokuwa na bunduki. Mimi nilikuwa na mwiko. Na huyo Nukta wanasemaje?"

"Wanasema alitoroka."

Mpishi alisimama, akachukua mwiko wake, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu ila maji. Alikuwa na hasira, na hasira ya mtu mpole haijui pa kukaa.

Kilichobaki kilikuwa karatasi, na karatasi Mama Mhuri hakuziogopa. Rejista za hospitali ya vita zilihifadhiwa kwenye chumba cha chini cha wizara, zimefungwa kamba kwa mafungu ya mwezi. Karani alimpa kiti, barakoa na onyo kuhusu vumbi. Ilimchukua saa mbili na nusu.

Ukurasa wa waliopokelewa, asubuhi ya mapambano: Luteni, jina la Nukta, malaria kali, hajitambui, limesomwa kwenye koti, kitanda namba kumi na nne. Vibati vya namba vya kuvaa shingoni vilifika kikosini baada ya vita kwisha, kwa hiyo mpokeaji alisoma alichokiona. Ukurasa wa walioruhusiwa, siku tisa baadaye: Luteni, jina la Mnara, amepona malaria, kitanda namba kumi na nne. Hakuna mahali palipoandikwa Mnara amepokelewa. Hakuna mahali palipoandikwa Nukta ameruhusiwa. Mmoja alitoka bila kuingia, mwingine aliingia bila kutoka, na kitanda ni kimoja. Mkaguzi wa wodi, mwisho wa mwezi, alikuta jina lisilo na mgonjwa. Akaandika pembeni: ametoroka.

Hakukuwa na mwizi. Mpokeaji alisoma koti, majeruhi akasoma koti, mkaguzi akahesabu majina. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na kwa pamoja walimzika mtu mara mbili. Mama Mhuri alikaa na rejista mapajani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ile chuki aliyomwandalia Meja ilikuwa bado mkononi, na haikuwa na mwenyewe tena. Aliona aibu, akapiga picha kurasa zote mbili.

Ijumaa saa tatu asubuhi Meja mstaafu aliingia chumba cha kumbukumbu akiwa na sare yake ya gwaride kwenye mfuko wa dobi, ameitundika kwenye kidole gumba. Alilazimika kuinama mlangoni. Alikuwa mtu mwenye adabu, alimsalimia mtunzaji kwanza.

"Umeniita nije kutia sahihi, Sajini?"

"Nimekuita uvae koti lako, Afande."

Meja alicheka, kisha akaona kabati liko wazi. Alitundika sare yake, akavua shati la juu, akaingiza mikono. Mabega yalimkaa sawa, kama yalivyopaswa. Mikono ya koti ilisimama katikati ya mkono wake, mbali na kiganja.

"Limerudi," alisema.

"Halijarudi. Limekunjwa. Lilikunjwa kabla ya kilima, tope limeishia kwenye mkunjo. Wewe uliwahi kukunja mkono wa koti maishani?"

"Mimi hutafuta wa kuuongeza." Bado alikuwa akitabasamu. Alipitisha kidole chini ya mkunjo wa mkono wa kulia, ule ambao Mama Mhuri hakuugusa, na kidole kikakuta ncha iliyochomekwa ndani. Tabasamu likaondoka lenyewe. Aliichomoa ncha, akairudisha, akaichomoa tena.

"Nukta," alisema.

Mama Mhuri alifungua mkoba. Aliweka mezani nakala ya ile picha ya kijana mwenye shati kubwa, kisha picha za kurasa mbili za rejista, akamweleza habari za mpishi kwa mpangilio: mvua, malaria, jiko, koti kavu, zamu isiyo na mtu. Alisema polepole na bila kupamba. Meja alisikiliza akiwa amesimama, na kwa mara ya kwanza urefu wake ulionekana kumsumbua.

"Nilizinduka nikamkuta Jenerali ananishika mkono," alisema mwishowe. "Nikamwambia sikumbuki. Akacheka, akasema mashujaa hawakumbuki. Nikauliza Nukta yuko wapi, wakaniambia ametoroka wodini. Nikasema alilala hospitali mimi nikiwa kilimani? Wakasema ndiyo. Nikamchukia, Sajini. Nimemchukia mtu yule kuliko adui."

"Najua."

"Miaka yote hii naota moto mgongoni. Kila usiku moto mgongoni. Nikasema ndiyo mizinga ile, angalau mwili unakumbuka." Alijifuta uso kwa mkono wa koti, akagundua alichofanya, akauachia. "Lilikuwa jiko la mpishi."

Mtunzaji alikuwa ametoka nje muda mrefu uliopita na funguo zake zote. Meja alivua koti, akalilaza kwenye kitambaa cheupe, akalinyoosha kila mahali isipokuwa mikono.

"Dada yake alikuja kwangu," alisema.

"Ameniambia."

"Amekuambia nilichomjibu?"

"Ndiyo."

Meja alivuta kiti, akakaa, akanyoosha mkono. Mama Mhuri alimpa fomu. Ilikuwa ya kurasa mbili, ya kujitoa kwenye orodha ya nishani na kumtolea ushahidi afisa mwingine, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwona mtu akiijaza. Meja aliandika kwa herufi za kutenganisha, kama wanavyofundishwa makadeti. Palipoulizwa alikuwa wapi wakati wa tukio, kalamu ilisimama, kisha ikaandika: Jikoni, kando ya moto, nimevaa koti kavu la Luteni huyu, ambaye alikuwa kwenye zamu yangu. Palipoulizwa kama kuna jambo la kuongeza, aliandika: Hakutoroka.

Mama Mhuri aliisoma yote, akatoa mhuri kwenye mkoba, akagonga mara moja.

Alimpigia Kanali simu palepale. Alimweleza kwa dakika nne. Upande wa pili kiti kikalia.

"Na gwaride?" Kanali aliuliza.

"Gwaride lipo, Afande. Kama jina litabadilika kufikia kesho au mwakani, hilo ni la kamati. Neno mtoro linafutwa leo. Kwa hilo kamati haihitajiki, nimesoma kanuni mara mbili."

"Najua umesoma," Kanali alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Niletee nakala tatu."

Meja alikuwa ameshakunja fomu na kuiingiza kwenye bahasha. "Yule dada bado ana duka lile, mbele ya mahakama?"

"Ofisini kuna mashine, Afande. Nzima kabisa."

"Najua."

Walikwenda kwa gari la Mama Mhuri, Meja magoti yakigusa dashibodi, sare ya gwaride ikining'inia kiti cha nyuma. Dukani kulikuwa na wateja watatu. Meja alisimama nyuma yao kwenye foleni, kichwa karibu kiguse taa. Dada mtu alimwona tangu mlangoni. Aliendelea kuhudumia, nakala za huyu, bahasha ya yule, mikono yake ikifanya kazi na uso wake umefungwa. Mama Mhuri alibaki kizingitini. Upelelezi wake ulikuwa umekwisha, alichokuwa akifanya pale hakikuwa cha kazi.

Zamu yake ilipofika, Meja aliweka karatasi juu ya kaunta, ikimwelekea dada mtu ili asiigeuze.

"Shikamoo dada," alisema. Walikuwa wamepishana miaka saba tu, lakini alisema hivyo. "Naomba nakala tatu."

Dada mtu hakuitikia. Alivaa miwani, akasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akafika kule kwenye neno la mwisho, akarudi akasoma tena kwa kidole, mstari kwa mstari.  Kisha akafungua kifuniko cha mashine, akalaza karatasi, akaiweka sawa na pembe ya kioo.

"Marahaba," alisema bila kugeuka. "Tatu hazitoshi. Keti hapo kwenye benchi usubiri. Ya kwanza utampelekea mama wewe mwenyewe."